Kamba Tatu za Kiingereza

Jumatatu, 8 Machi 1926

Karani wa site, mtaa wetu wa Waafrika, kaniita ofisini. Mjane asiye na karatasi ya kazi arudi kijijini mwisho wa mwezi huu. Nikamwambia watu niliowajua kijijini wote wako makaburini, nirudi nikamsalimie nani? Akasema sheria haiulizi salamu. Mtoto yule! Kola imemkaba shingo na nyuma ya sikio hajaosha. Nilimwambia hilo pia.

Siendi. Mjukuu wangu Virginie atajifungua baada ya Pasaka, mtoto wa kwanza. Mikono ya kumpokea ni hii yangu. Lakini kambi ya wafanyakazi anakokaa na mume wake huandika mume, mke na watoto. Nkambo, yaani bibi, hana mstari katika kitabu chao.

Basi karatasi ya kazi nitaipata. Mimi niliyefundishwa kusoma na mapadri wa Mpala wakati huyo karani bado hajazaliwa!

Jumanne, 9 Machi

Hila imepatikana. Mulenga, boyi wa meza katika nyumba ya wageni ya madamu Mwingereza, anasema mfuaji wao amekimbilia mgodini. Madamu anatafuta mwingine. Ila kuna jambo: Kiingereza tu! “Ule madamu haisikie luga ingine, nkambo,” akaniambia kwa huzuni kubwa, jicho likiwa kwenye chungu changu. Na Waingereza, anasema, huuliza wakati tu. Ulifua lini? Unapiga pasi saa hii? Utaleta lini? Ukikosea wakati, kazi imepotea.

Atanifundisha. Malipo ni bukari, ugali wetu, kila jioni, na samaki mkavu kwa kuwa ni Kwaresima. Nimekubali. Kwa kijana mwembamba vile, atakula kiasi gani?

Jirani yangu Rabia, mpika vitumbua, mtu wa Maniema, naye ni mjane. Karani kamwambia maneno yale yale. Simwambii lolote kuhusu madamu.

Jumatano, 10 Machi

Amekula kama watu watatu.

Somo la kwanza. Kila siku: ai woshi. Sasa: ai am woshing. Jana: ai woshid. Kesho: ai wil woshi. Kwetu li na ta hukaa tumboni mwa neno, kimya, kwa adabu. Waingereza hulifunga neno mkia. Vizuri, mkia nimeushika. Nikasema jana nilikwenda mtoni: ai goid. Hapana, asema Mulenga, kwenda kwa jana ni went. Nikamwuliza, na mkia uko wapi? Hata neno lenyewe haliko! Limetoroka, na jirani amehamia nyumbani mwake.

Akasema yako mengi ya namna hiyo. Nikamwambia asiyataje, nitayajua yakija.

Ijumaa, 12 Machi

Nimeipenda ile am. Inasikika kama neno la watu wakubwa. Nimeiweka kila mahali. Yestade ai am wosh. Tumoro ai am woshid. Mulenga kakwamwa na mwiba wa samaki, nikampiga mgongoni, kisha akasema nimefua kesho kabla kesho haijafika. Nikamwambia huko ndiko kufanya kazi kwa bidii!

Hakucheka. Anasema makosa haya ndiyo yanayowafukuzisha watu. Jumanne madamu atakuja mwenyewe kuona nguo na kunisikia. Kaniletea furushi la majaribio: mashati sita, vitambaa viwili vya meza, vyote vyeupe.

Usingizi hauji. Jana, sasa, kesho, vyote vinazunguka kichwani kama kuku waliofunguliwa.

Jumamosi, 13 Machi

Nimeshinda! Nimefunga kamba tatu uani. Kamba ya jana, upande wa ukuta: hapo nguo zilizokauka. Kamba ya sasa, katikati: nguo zinazodondosha maji. Kamba ya kesho: tupu kabisa. Na nguzo, ambayo haiondoki, ndiyo kila siku. Madamu akija, nitatembea kutoka kamba hadi kamba, nikishika nguo na kusema. Hata mbuzi asingekosea.

Nimefanya mazoezi asubuhi yote. Rabia kachungulia juu ya uzio: “Nkambo, uko nafundisha manguo?” Nikamjibu nguo zinasikia kuliko watu wa Maniema. Akasema basi niziambie leo upepo unatoka upande wa bomba la kiwanda, masizi yanakuja. Nikamwambia apike vitumbua vyake.

Jumapili, 14 Machi

Masizi yalikuja. Mashati meupe yamekuwa ya kijivu kama punda. Nimefua tena kila kitu, Jumapili, Mungu anisamehe. Sabuni, buluu, wanga wa muhogo. Mulenga kaja kwa somo, hakusaidia kukamua hata soksi. Alikula.

Jumanne, 16 Machi

Niandike haraka.

Asubuhi nguo zote mahali pake. Zilizokauka jana, zenye maji sasa. Nikaenda kwa Virginie kuazima viatu. Njiani mvua kubwa! Nikarudi mbio, viatu mkononi. Mvua imekatika, jua linawaka, na madamu yuko uani kwangu, Mulenga amemshikia mwavuli.

Nikajipanga. Nikashika shati la kwanza kwenye kamba ya jana: yestade ai woshid! Maji yakamdondokea madamu kiatuni. Nikahamia ya sasa: nau ai am woshing! Shati kavu kama mkate wa juzi. Kamba ya kesho, iliyokuwa tupu, imebeba kanga ya Rabia na suruali ya marehemu mume wake. Tumoro ai wil... Rabia! Wakati wa mvua alizianua zote akaziingiza kwake, kisha akazitundika upya kwa akili ya mfuaji: zenye maji ukutani penye jua kali, kavu kivulini. Ameniharibia wakati wote wa Waingereza!

Ndipo madamu akashika kitambaa cha meza. Na glavu zake zina tope jekundu la mlangoni kwangu. Hapo Kiingereza kilinitoka, na uvumilivu pia. Nikapiga kelele kwa Kiswahili: toa mkono huo! Nimekifua mara mbili hicho kwa sababu ya masizi! Mama yako hakukufundisha kunawa?

Mulenga akajificha ndani ya mwavuli.

Madamu akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akajibu kwa Kiswahili! Kiswahili cha sokoni hasa, cha mtu aliyefika hapa na gari-moshi la kwanza. “Huyu mama iko na kinywa kali. Ule mfuaji wa mbele hakunigombeza hata siku moja, na mashati ilikuwa nyeusi.” Akauliza nani aliziokoa nguo kwenye mvua. Kidole changu kikaelekea kwa Rabia. Sikukituma, kilikwenda chenyewe.

Karatasi moja ya kazi, majina mawili. Mimi kufua, Rabia pasi.

Jumatano, 17 Machi

Karani kapiga mhuri. Mihuri miwili, mmoja wangu, mmoja wa Rabia. Nyuma ya sikio ameosha. Virginie kalia kwa furaha, kauweka mkono wangu tumboni pake, na mtoto akanipiga teke. Huyo ananijua.

Nimemwuliza Mulenga kwa nini alidanganya. Akatazama chungu, akasema kama angeniambia ukweli nisingesoma. Maneno ya mwalimu wa kweli! Rabia anasema Kiswahili ndicho kilichotupa kazi. Hajui kitu. Madamu alisikia sentensi zangu mbili za kwanza, akajua amesimama mbele ya mtu aliyesoma.

Jumamosi, 20 Machi

Mulenga kaja na habari. Baada ya Pasaka madamu anamwuzia nyumba Mgiriki. Na ule Mgiriki, nkambo, haisikie luga ingine. Kigiriki tu.

Bahati yetu, Mulenga anakijua Kigiriki.

Nimefunga kamba ya nne. Rabia kauliza ya nini. Nikamwambia Wagiriki ni watu wa zamani sana, lazima wana jana mbili. Akaenda zake akishika mbavu. Mwache.

Somo linaanza jioni hii. Mulenga anasema ni lugha ngumu, inataka samaki wawili. Maji ya bukari yameshachemka.