Kitabu cha Kumshinda Dada

Jumatatu, 4 Machi

Goti la Mama limegoma. Ngazi za kwake hazipandiki tena. Kasema Jumapili ataamua ahamie kwangu au kwa Dada. Lazima awe kwangu! Lakini Dada ana nyumba kubwa, bustani na mdomo. Mimi fundi saa nina chumba kimoja cha ziada, kimejaa saa mbovu za wateja.

Nimekimbilia maktaba. Nikamwomba mkutubi kitabu cha kumshinda mtu bila mwenyewe kujua. Akauliza mtu gani. Dada yangu. Akacheka, akasema hiyo inaitwa nadharia ya michezo: elimu ya kuamua la kufanya huku mwenzako naye anakupigia hesabu. Kanipa vitatu. Cha kwanza, fomula tupu, nimeishia ukurasa wa pili. Cha pili ni vita vya wafalme. Cha tatu ndicho! Chembamba, cha wanaoanza, na mazoezi kila sura. Mkutubi kaniasa nisome kwa mpangilio, nifanye mazoezi, nisiruke sura ya tatu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeruka sura ya tatu. Majedwali matupu. Ya saba tamu ajabu: namna ya kujifanya hukitaki unachokitaka. Nilikuwa naisoma kwa Mama, nikasahau kitabu mezani kwake. Vile viwili nimevificha chini ya kitanda, Dada asije akaviazima.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekifuata kitabu. Loo! Kuna mtu kajibu mazoezi yote pembeni kwa penseli, mwandiko wa kulala, nadhifu. Kitabu cha umma! Watu hawana haya. Ajabu sikuuona juzi, ila juzi nilikuwa na haraka.

Nikapita maktaba. Nani huyo? Dada, kakumbatia nakala ya kitabu hichohicho! Kadai ni cha mwenzake kazini. Nikasema nami nimekuja kukagua saa ya ukutani. Tukaagana kwa adabu.

Jumapili, 10 Machi

Siku yenyewe. Mama alifundisha hesabu miaka thelathini, bado anatuketisha kama darasani. Katupa kila mmoja karatasi: andika unataka nikae kwako siku ngapi kwa wiki, na hakuna kuchungulia.

Sura ya saba! Nikaandika moja. Dada ataandika saba kwa tamaa, Mama atachukia, atanionea huruma. Mahesabu safi kabisa.

Mama akafungua yangu. Moja. Akafungua ya Dada. Moja.

Akavua miwani, akaifuta, na wala haikuwa na vumbi. Akasema basi, siku tano zilizobaki atakaa na goti lake. Akajaribu kucheka, akashindwa. Sijawahi kuona Mama akishindwa kucheka.

Dada ndiye aliyeanza kulia. Akasema ni uongo, kitabu kimemponza, alitaka zote saba. Nami nikamshika Mama mkono, nikasema saba, Mama, tangu mwanzo ni saba, saa mbovu nimeshazitoa na chumba nimeshakipaka rangi. Nikasema nampenda. Umri huu wote sikuwahi kumwambia! Nikalia kama mtoto, kamasi na yote.

Mama akasema alijua tutafanya hivyo, ila kuona imeandikwa kumemuuma vilevile. Akasema sura ya tatu imeeleza wazi: kwa mtu anayekujua tangu utotoni, ujanja hukurudia mwenyewe. Akachomoa penseli mfukoni. Mwandiko wa kulala! Kumbe ni yeye!

Kisha akaamua: aliyesema ukweli kwanza ni Dada, kwa hiyo Dada siku nne. Mimi tatu, kuanzia Jumatatu.

Jumatatu, 11 Machi

Mama yuko kwangu. Kasema mlio wa saa zangu unamtuliza. Asubuhi kajikongoja na fimbo yake kwenda kununua penseli. Mimi nikaenda maktaba, kurudisha vitabu na kuchukua juzuu ya pili ya kile chembamba. Siku ya nne naitaka!

Mkutubi kasema imeshaazimwa leo hii. Na nani? Na Mama yangu, kwa kadi yake mwenyewe.

Nimeelewa mara moja. Dada kamtuma! Maskini Mama, hajui anavyotumiwa. Lakini mimi si mjinga. Akirudi tu, namwambia siku ya nne siitaki hata kidogo.