Mahari Kuanzia Elfu Kumi

Akina mama wenye vijana wa kuoa, haya nayaandika ili yasiwakute. Niliyasikia mwenyewe kwenye benchi langu la kahawa hapa Mayfair, Ijumaa baada ya sala.

Habari ya siku ilikuwa kinyozi wa kona. Kabandika tangazo: kunyoa kuanzia randi thelathini. Pandu, tunayemwita Risiti, kaingia na thelathini kichwani, katoka kalipa themanini.

"Sasa thelathini ananyolewa nani?" akauliza, akijipapasa kisogo.

"Mwenye upara," akajibu Fiacre, Mrundi wetu anayeuza mikanda ya suruali Newtown. Kijiweni tunamwita Waziri.

"Na wewe kwako si umeandika mikanda kuanzia hamsini?"

"Wa hamsini upo. Mmoja. Umekatika."

"Huutupi kwa nini?"

"Nikiutupa, tangazo litakuwa uongo. Mimi mtu wa kanisa, mzee."

Nikamimina kahawa hadi ikafurika kikombe.

"Vipi, Mama Suhaib?" akaniuliza Risiti.

"Jana tulikwenda kumposea Suhaib. Baba mdogo wa binti kasema mahari kuanzia elfu kumi. Nikaitikia, tukapiga fatiha."

Waziri akavua kofia.

"Eish, mama. Fatiha kabla ya kuuliza mahari inaishia wapi?"

"Nilidhani ndiyo bei."

"Huyo binti ana kasoro?" akauliza Risiti.

"Hana. Ana diploma."

"Basi elfu kumi si yake. Hiyo ni ya ule mkanda wa Waziri."

"Suhaib anaosha magari," nikasema. "Hali chakula tangu jana. Akimkosa huyu, mimi sina mkwe."

Risiti akasogea. "Sikiliza, dada. Katika dini yetu anayetaja mahari ni binti. Huyo baba mdogo kabandika tangazo lake tu. Mpigie binti mwenyewe."

Nikapiga, nikaweka spika.

"Shikamoo mama," akasema yule binti, Najma, sauti ya asali. "Baba mdogo mwacheni. Mahari ni yangu. Nataka cherehani tu."

Risiti akashukuru Mungu. Waziri akavaa kofia. Wote wakanitazama, wakingoja nikate simu.

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Cherehani, au kuanzia cherehani?"

"Cherehani, mama. Nimeshaiona dukani, ya umeme, inatarizi yenyewe. Wameandika kuanzia elfu tisa."

Waziri akaivua tena kofia.