Helmeti ya Baba Inayolia

Jumatatu, 3 Machi
Baba ni mwashi, anajenga ghorofa ya nne. Juzi mbao ya jukwaa ilivunjika chini ya mguu wake, akaning'inia kwa mikono mpaka wenzake wakamvuta. Nyumbani alisema ameteleza kidogo; ukweli tuliusikia kwa wenzake. Mama halali tangu siku hiyo. Nimeamua kutumia sayansi. Mwalimu wa klabu ya sayansi shuleni ameniazima kihisi, kidude kinachotambua kichwa kikiinama ghafla. Nimekiunganisha na king'ora na kukibandika ndani ya helmeti ya Baba. Sikumwambia. Angekataa.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe mwashi huinama kwa kila tofali. King'ora kililia asubuhi nzima. Wenzake walimuuliza kama kichwani amefuga vifaranga. Jioni akaniambia yeye anajenga ukuta, hachezi gwaride. Nikaomba nafasi moja zaidi. Nikalia kidogo, kwa makusudi. Akakubali shingo upande.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango mpya. Sasa kinalia kichwa kikitulia kabisa kwa muda mrefu, maana aliyeanguka na kuzimia hatikisiki. Mwalimu alisema wazo ni zuri, ila nijaribu kwanza. Nilimvisha mwenzangu wa dawati. Hakutulia hata kidogo, hakikulia. Nikahesabu kimefaulu.

Ijumaa, 7 Machi
Baada ya chakula cha mchana Baba hujiegesha nyuma ya mifuko ya saruji, helmeti usoni. Hilo hakuwahi kutuambia. King'ora kikalia, watu wakakimbia na machela, msimamizi mbele yao. Wakamkuta anakoroma. Msimamizi alisema kazi ya juu haitaki mtu wa usingizi, kuanzia kesho atachanganya zege chini. Baba aliporudi alisema, mwanangu, umenishusha ghorofa nne kwa siku moja, hata ile mbao ilishindwa. Mama aliinamia sufuria ili tusimwone uso.

Jumamosi, 8 Machi
Baba hasemi nami. Lakini Mama amelala mpaka jua likachomoza, kwa hiyo kihisi kimefanya kazi.
Nilimpelekea Baba chakula saiti. Alikuwa ameegemea mashine ya zege, na hatua chache nyuma yake lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma, dereva yuko kwenye simu. Nilipiga kelele, akasimama. Chini nako si salama. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwalimu ana kihisi kingine, kinatambua mashine kubwa ikiwa karibu, na kinaenea kwenye kisigino cha buti. Buti za Baba ziko mlangoni. Kama mara ya kwanza, sitamwambia mapema, kwa kuwa bado ana hasira.