Kidude cha Chini ya Jiko la Bi Ardith

Asubuhi ile ya Jumamosi redio ya duka la petroli ilisema jambo moja tu la maana, nalo likatosha. Mwanamume wa kaunti ya jirani alikuwa amebadilisha mwenyewe kifyatulio cha bastola yake, nyumbani, juu ya meza ya chakula. Alipomaliza ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, ikajipiga. Risasi ilipita mlango wa friza ikaenda kuzama kwenye paja la kulungu aliyewindwa tangu Novemba.

"Kulungu kafa mara mbili!" Kanali akapiga meza hadi kahawa zikaruka. "Mara ya kwanza msituni, mara ya pili kwenye barafu! Hata nafasi ya kukimbia hakupewa!"

Kanali hakuwahi kuwa kanali. Alikaa jeshini miaka miwili akimenya viazi, akarudi Tull Creek na cheo alichojipa njiani. Kando yake alikaa Shemasi, ambaye yeye kweli ni shemasi wa kanisa la Kibaptisti, mtu wa kusali kwa sauti ya chini na kubishana kwa sauti ya juu. Wa tatu kwenye benchi lile alikuwa Tanner, mtoto wa Bi Ardith, miaka thelathini na minne, baba wa mtoto mmoja. Wenzake walimwita Profesa kwa sababu kila kitu alikisoma kwenye video za simu, kuanzia kung'oa jino la mbwa mpaka kujenga choo.

Bi Ardith mwenyewe ndiye aliyekuwa akizunguka na birika. Alikuwa akicheka na wenzake, lakini mkono wake mmoja haukutoka kwenye mfuko wa aproni.

"Huyo bwana ni mjinga," Profesa alisema, akajinyoosha kama mtu anayesubiri kupigwa picha. "Kazi hiyo inataka utulivu. Mimi yangu nimeifanya Alhamisi jikoni kwa Mama, kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini. Kifyatulio kipya, vilengeo vipya vyenye nukta ya kijani. Sasa hivi hukivuti kile kifyatulio, Kanali. Unakifikiria tu."

"Acha kamba."

"Kweli tena! Chepesi kama wazo."

"Na wewe mawazo yako tunayajua yalivyo mepesi," Shemasi alisema. "Ulitumia vifaa gani?"

"Nyundo ya Mama ya kupondea nyama, na kisu chake cha siagi. Vilengeo vilikuwa vimegoma kutoka, nikavitoa kwa kisu."

Bi Ardith akasimama na birika hewani. "Kumbe ndiyo maana kisu changu kimepinda kama mkia wa nguruwe."

"Mama, ni kwa usalama wa familia."

"Siagi haijawahi kuishambulia familia hii, Tanner."

Kanali alicheka mpaka akakohoa. Shemasi akasubiri kikohozi kiishe, kisha akatoa habari aliyokuja nayo tangu nyumbani. "Basi niwaambie. Kamati ya ulinzi ya kanisa imekaa jana. Kesho Profesa anasimama mlango wa darasa la watoto. Tumeona yeye ndiye mwenye silaha ya kisasa."

"Umeona, Mama?" Profesa aligeuka. "Na Maisie yumo darasani humo humo. Nani atamgusa mwanangu mimi nikiwa mlangoni?"

Bi Ardith aliweka birika chini. Maisie alikuwa na miaka sita, na kila Jumapili baba yake akisimama popote alimkimbilia kwa mbio zote na kumrukia kiunoni, kwa kichwa, kama ndama. Kanisa zima lilikuwa limezoea. Mama huyu hakuwa amelala vizuri tangu Alhamisi, na tangu asubuhi ile, alipokuwa akifagia, alijua kwa nini.

Akatoa mfukoni kichupa cha dawa za shinikizo la damu, akakitua katikati ya vikombe. Ndani hakukuwa na dawa. Kulikuwa na kidude cha chuma kama punje ya mchele, chenye kichwa, na springi nyembamba kama unywele.

"Nimekikuta chini ya jiko langu," alisema. "Ni cha nani?"

Wote mezani waliinama kukitazama.

"Hicho ni cha cherehani," Profesa alisema haraka.

"Cherehani niliiuza mwaka aliokufa baba yako."

"Basi cha saa."

"Lete nione," Kanali alivaa miwani, akakiinua kichupa kwenye mwanga. "Aaah. Jeshini tulikuwa navyo vingi hivi. Hiki ni pambo. Kiwanda kinaweka ili bastola iwe nzito, wakuuzie ghali."

"Pambo lenye springi?" Shemasi aliuliza. "Kanali, wewe jeshini ulikuwa na kisu cha viazi. Hicho mimi nakijua, ni cha akiba. Kila bastola inakuja na kimoja cha akiba ndani, kama tairi la gari."

"Nani anaweka tairi la akiba ndani ya injini?"

"Wewe unabisha na mtumishi wa Mungu?"

"Nabisha na mtu aliyejifungia ndani ya gari lake Pasaka iliyopita!"

"Sikilizeni," Profesa aliinua mikono. "Kwenye video yule jamaa mwenyewe alisema: kikibaki kimoja, usijali. Bastola za kisasa zina vitu vingi kuliko zinavyohitaji."

"Alisema hivyo, au ulikuwa umeshairusha mbele hiyo video?" mama yake aliuliza.

Profesa alikunywa kahawa iliyokuwa imekwisha.

Bi Ardith hakuwa msomi. Aliacha shule mapema ili awalee wadogo zake. Lakini alikuwa ameshona nguo, amefungua pampu za maji, amechinja na kupasua kuku wasiohesabika, na hakuwahi kukuta ndani ya kitu chochote kilichotengenezwa kwa akili kipande kisichokuwa na kazi. Akachukua simu ya kaunta, akampigia mzee Teague, fundi bunduki wa mjini, akabonyeza kitufe cha sauti ili wote wasikie.

"Mzee Teague, ni Ardith wa duka la petroli. Nina kidude hapa, kama punje ya mchele, kina kichwa, kina springi."

"Kimetoka wapi?"

"Chini ya jiko langu."

"Na kabla ya hapo?"

"Kwenye bastola ya Tanner."

Walimsikia mzee akivuta kiti na kukaa.

"Bi Ardith, hicho ndicho kinachoizuia bastola isijipige ikidondoka au ikigongwa. Kile kifyatulio amekigusa?"

"Anasema ni chepesi kama wazo."

"Mungu wangu. Iko wapi sasa hivi?"

Macho yote yalimwendea Profesa. Profesa akainua shati taratibu, kwa kidole kimoja tu.

"Ameivaa," Bi Ardith alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ubavuni?"

"Mbele. Chini ya kitovu. Imeelekea chini."

Mzee Teague alishusha pumzi ndefu. "Una wajukuu wangapi?"

"Mmoja tu."

"Mtunze sana huyo. Huenda ndiye wa mwisho."

Hapo Kanali akakumbuka kwamba mbwa wake hajala. Shemasi akakumbuka mgonjwa wa kuombewa. Mwenye mbwa na mwenye mgonjwa walifika mlangoni pamoja, wakakwama bega kwa bega, wakasukumana, kisha wakatoka kama kizibo cha chupa. Kupitia dirishani Bi Ardith alimwona Kanali ameikimbia risasi na kujificha nyuma ya pampu ya petroli.

Profesa alibaki amekaa wima kama mtu anayenyolewa. Jasho lilimtoka puani.

"Mama, na wewe toka nje."

"Nikuache na nani?" Akavuta kiti, akakaa pembeni yake. "Sema, mzee Teague. Tunakusikiliza."

"Asiichomoe. Mkono usikaribie kifyatulio. Afungue klipu inayoishika kwenye mkanda, aitoe na ala yake yote, polepole. Ailaze juu ya kitu laini, ielekee ukuta wa mawe. Halafu mtu yeyote asiiguse mpaka nifike."

Ilichukua muda kama wa kusali rozari nzima, na wao ni Wabaptisti. Bi Ardith alikifuata kwa macho kila kidole cha Profesa. Mwishowe ala ililala juu ya gunia la mahindi ambayo wawindaji hununua kuwavutia kulungu, mdomo wa bastola ukitazama ukuta.

"Ningekuwa nimesimama pale kesho," Profesa alisema taratibu, "halafu Maisie angekuja mbio..."

"Angekuja mbio," mama yake alisema. Alimshika tu shingo kwa nyuma, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo.

Mzee Teague alifika baada ya nusu saa, akatoa risasi, akatikisa kichwa mara nne, akaiweka bastola kwenye sanduku pamoja na kichupa, akaondoka nayo bila kumuuliza Profesa lolote. Vumbi la gari lake lilipotulia ndipo Kanali na Shemasi waliporudi ndani, wakijipangusa, wakaketi palepale kama waliokuwa wameenda kujisaidia tu.

"Nilikuwa nalinda upande wa nje," Kanali alieleza.

"Sasa tatizo letu ni kesho," Shemasi alisema, akisukuma kikombe chake kijazwe. "Mlango wa watoto hauna mtu. Nani atasimama?"

Kanali alikohoa kidogo, akakaza mkanda.

"Nisimamisheni mimi. Yangu nayo nimeibadilisha wiki iliyopita, mikono yangu mwenyewe. Na msiwe na wasiwasi, ni nzima kabisa. Mimi vidude vilibaki viwili tu."

Bi Ardith alikuwa ameshashika simu.

"Mzee Teague? Geuza gari."