Magugu ya Mwalimu Mutie

Jumatatu, 1 Desemba 2025
Shajara, niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Nimechoka. Kustaafu ualimu mkuu, kisha kusomea shahada ya biolojia pamoja na vijana, kunachosha mno. Ijumaa tunachagua tawi: mimea, wanyama au vijidudu. Naitaka mimea. Dakta Mbithi amesema imebaki nafasi moja. Ataipata mwenye utafiti bora wa mimea ya porini. Mshindani wangu ni Gachanja, kijana wa Emali anayeniita Guka, yaani babu. Guka! Yeye hushinda vilimani akichuma majani. Magoti yangu yamekataa vilima. Lakini shamba langu hapa Tulia sijalilima msimu huu. Magugu yamefika kiunoni. Utafiti umejiotea wenyewe!

Jumanne, 2 Desemba
Kuhesabu magugu kunaumiza mgongo. Nimepata hila. Nimemwomba Nduku, mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana mashambani, alete kina mama kesho. Wao watahesabu, mimi nitaandika. Kazi yenyewe nitawaeleza wakifika.

Jumatano, 3 Desemba
Niliamka jua likiwa juu. Mwethya haumngojei mwenye shamba! Walifika alfajiri na majembe, wakiimba. Shamba jeupe. Hakuna hata jani. Magugu yote wamewapa mbuzi. Nduku akaniambia nisione haya, Mwalimu, kila mtu hushindwa na shamba. Kijiji kizima kilikuwa kikinihurumia. Kisha akauliza kama isyo imeiva. Nikawashukuru. Ningefanya nini? Wakala isyo yetu ya mahindi na maharagwe hadi sufuria ikang'aa. Mke wangu Kalekye alicheka mpaka akakalia ndoo.

Ijumaa, 5 Desemba
Gachanja alileta mimea iliyokaushwa vizuri kati ya magazeti. Mimi nilileta maelezo. Dakta Mbithi akauliza mimea yangu iko wapi. Nikajibu kwamba imo tumboni mwa mbuzi. Darasa likaangua kicheko. Gachanja akanipa pole: Guka achague wanyama basi, mbuzi si anao tayari? Nafasi imekwenda. Nimepewa wiki moja nichague kati ya wanyama na vijidudu.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa la magugu. Wadudu ndio wa kuaminika, nao wamo katika tawi la wanyama. Ghalani nina gunia la kunde lililojaa fukusi, utafiti mzima! Nimemwomba Nduku alete mwethya Jumatatu. Kazi nitawaeleza wakifika. Ameuliza kama waje na nyungo za kupepetea. Nimemwambia walete zote. Nitaandika tena nikishaamua.