Ng'ombe wa Dada Yake Spana

Kijiweni, redio ya Mama Kahawa ilitangaza kwamba mpango wa kugawa ng'ombe wa maziwa umezitoa kaya nyingi za vijijini kwenye umaskini. Kinyozi, tuliyembandika jina la Waziri kwa kuitetea serikali kila asubuhi, akatikisa kichwa kwa kuridhika kana kwamba kagawa yeye.

"Hiyo ndiyo kazi."

Spana, fundi baiskeli, akaweka kikombe chini. "Dada yangu alipewa mmoja."

"Basi sasa anakunywa maziwa."

"Maziwa yatoke wapi? Ng'ombe ana mimba. Na shamba la mahindi kaambiwa apande majani, maana yule ni wa kisasa, hali ovyo ovyo. Sasa ng'ombe anakula cha shambani, watoto wanakula cha dukani."

"Mwanzo mgumu tu huo."

"Banda nalo liwe la bati, sakafu ya saruji. Dada akauza mbuzi wake wote akajenga. Nyumba yake mwenyewe ya nyasi, inavuja. Ng'ombe akikohoa, daktari huyo na pikipiki. Shemeji kakohoa mwezi mzima, kaambiwa anywe maji ya moto."

"Angeota pembe labda," Mama Kahawa akasema, akimimina.

"Wiki iliyopita ikaja mvua ya upepo, paa lote likaenda. Dada akabeba watoto wakahamia bandani. Ng'ombe wa watu hakununa, aliwasogelea wakapata joto. Kesho yake bwana mifugo akaja kukagua, akawakuta wanakunywa uji juu ya saruji, chini ya bati."

"Akawatimua."

"Afadhali angewatimua. Aliwapongeza, akawapiga na picha. Eti kaya imepata makazi bora, umaskini kwisha, ng'ombe aende kwa mwenye shida zaidi. Wakamswaga mchana ule ule, na mimba yake. Dada kalia kama kafiwa."

Waziri akakung'uta taulo lililokuwa begani, ingawa halikuwa na nywele. "Kapewa nani?"

"Jirani. Naye hana banda. Jana kaja kwa dada, mnyonge, kuomba hifadhi."

"Dada kamjibuje?"

"Kamkaribisha. Ila kamwambia safari hii ng'ombe ni mpangaji. Akizaa tu, kodi atalipa kwa maziwa, kila asubuhi."

Waziri akainuka, nuru imemrudia usoni. "Si nilisema? Mpango unafanya kazi."

Mama Kahawa akamnyang'anya kikombe kabla hajakimaliza.