Kamanda na Bomba la Mama Furaha

Jamani, leo nimeumbuka, tena mbele ya watu wa mabara mawili. Nawaambia mwenyewe hapa kwenye kundi letu la kanisa kabla Mama Furaha hajawafikia, maana yeye atatia chumvi.

Mnajua nimetoka jeshini, jeshi la hapahapa Kanada. Kanisani kwetu North York mnaniita Kamanda na mmenipa kazi ya kusimama mlangoni kila Jumapili. (Jeshini nilikuwa stoo, nagawa soksi. Ukamanda mlinipa wenyewe.)

Nilipotoka nikaingia kwenye ule mpango wa ufundi kwa waliotoka jeshini. Unasajiliwa rasmi kama mwanagenzi, unajifunza kazi ukiwa kazini, chini ya fundi mwenye leseni. Mimi nilichagua ufundi bomba. Siku ya kutukaribisha walitupamba hao! Eti sisi tuna nidhamu, tuna uongozi, tunatulia kwenye hatari. Nikapiga makofi kwa nguvu, ingawa hatari yangu kubwa ilikuwa siku soksi za saizi kubwa zilipoisha stoo.

Fundi anayenifundisha anaitwa Bianca. Mimi nina mvi, yeye angeweza kuwa binti yangu. Mpaka sasa ninachofanya zaidi ni kubeba sanduku lake la spana na kumletea kahawa. Lakini msimamizi wa mpango akija kukukagua, akaona jeshi limekupa ujuzi wa maana, anakurusha mwaka wa kwanza wote. Na leo ndiyo alikuwa anakuja! Mke wangu alinipigia pasi ovaroli. Mimi nikapiga viatu rangi mpaka ukiinama unajiona meno.

Kazi ilikuwa Parkdale, kwenye ghorofa la zamani, koki inavuja chini ya sinki. Mlango unafunguliwa, nani kasimama? Mama Furaha wetu wa kwaya, yule wa Bukavu, Kongo!

"Papa Kamanda! Ni weye?"

"Ni mimi, Mama."

Bianca akaingia chini ya sinki, akagusa koki kidogo tu, ikakatika. Maji yakaruka! Akabana tundu kwa kitambaa, akanivuta.

"Bana hapa. Nashuka kufunga maji ya jengo zima. Usiachie mpaka nikuambie."

Usiachie mpaka nikuambie. Jamani, hiyo ni lugha ninayoielewa. Nikalala chali, kichwa ndani ya kabati, nikabana kwa mikono miwili. Bianca akaondoka.

Mwanzo maji yalikuwa yanasukuma kwelikweli. Baadaye yakatulia. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini yametulia. Mimi nikasema moyoni, hizi ni mbinu, yanataka nilegee. Nikazidi kubana. Simu ikatetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena. Mtu yuko lindoni, atashikaje simu?

Mikono ikaanza kufa ganzi. Mama Furaha akachungulia.

"Kamanda, umekula?"

"Mama, niko kazini."

"Kwangu mtu hafanyi kazi na njaa."

Sasa nyie niambieni, nani kati yenu amewahi kumkatalia yule mama chakula? Akavuta stuli, akakaa, akaanza kunilisha fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu cha kwao, tonge kwa tonge, mimi nimelala chini na kichwa kabatini. (Sombe ilikuwa tamu, sitasema uongo.) Mkono wake wa pili ukashika simu, akampigia dada yake Bukavu kwa video.

"Ona, dada! Huyu ni Kamanda wetu! Akiachia tu, nyumba yote inazama!"

"Mungu amubariki!" dada akajibu, na nyuma yake nikasikia watoto wanapiga vigelegele.

Nikajisikia shujaa, jamani. Kwa mara ya kwanza tangu niingie jeshini.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa. Bianca ameingia na koki mpya mkononi, na nyuma yake mzee wa tai na faili. Msimamizi! Mdomo wangu umejaa fufu. Mwili ukafanya ulichozoea kufanya kikiingia cheo. Nikapiga saluti.

Kwa mkono uliokuwa kwenye bomba, na wa pili ukateleza. Kitambaa kikadondoka.

"MAJIII! KIMBIENI!"

Msimamizi akapanda kwenye kochi na viatu vyake. Mama Furaha akanyakua sufuria ya sombe kwanza, ndipo akakimbia. Mimi nikafumba macho, nikajifunika uso.

Nikangoja mafuriko.

Nikafumbua jicho moja. Bomba likatoa tone. Tone moja, likaniangukia puani.

Kwenye simu, dada wa Bukavu akauliza, "Na mayi iko wapi?"

Bianca ameshika kiuno. "Nilifunga maji zamani! Nikakuandikia uachie, nikakuandikia tena, halafu nikaenda garini kutafuta koki. Hukusoma?"

Msimamizi akashuka kochini taratibu, akapangusa alama ya kiatu kwa mkono wake.

"Kwa nini hukulegeza kidogo uone kama maji bado yapo?"

"Sikuamriwa, bwana."

Bianca akajaribu kunitetea, Mungu ampe maisha marefu. "Lakini hakuondoka. Wengine ningewakuta nje wanavuta sigara."

"Ni kweli," msimamizi akasema. "Jeshi limemfundisha kutii vizuri sana. Sasa wewe mfundishe kuuliza. Aanze mwaka wa kwanza."

Wote! Tangu mwanzo! Mke wangu nimemwambia jioni hii. Aliingia chumbani akafunga mlango, na nilimsikia akicheka kwenye mto.

Kesho asubuhi nambebea Bianca kahawa kama kawaida. Na nyie mnaosoma hapa, nawaombeni, Jumapili msicheke ndani ya ibada. Mtanikuta palepale mlangoni. Ila safari hii mchungaji akimaliza kuhubiri, tafadhali, mmoja wenu aje aniambie niachie.